Gari limetumbukia bondeni: Jihadhari na ajali ya pili

AJALI haina kinga, husema Waswahili. Methali hii hutumiwa kuwafariji waliofikwa na msiba, na hakuna ubaya. Lakini mtu yeyote anayefanya kazi ya kunasua magari yaliyoanguka atakuongezea neno moja: ajali ya kwanza huenda isiwe na kinga, ila ya pili inayo.

Ajali ya pili ni ile inayotokea gari likiwa tayari limetulia mtaroni. Lori la majani chai limelala ubavu. Watu wametoka mashambani na sokoni mbio. Mwenye kamba ameileta, mwenye trekta ameitwa, na gari la bredauni limewasili na kujipanga kwenye ukingo wa barabara. Kila mtu anatoa amri. Kisha waya unakatika, au winchi yenyewe inapinduka, au gari jingine linatokea kwenye kona kwa kasi na kuuparamia umati. Aliyenusurika mara ya kwanza anaumia mara ya pili, na pamoja naye anaumia jirani aliyekuja kusaidia.

Hili ni jambo linalofaa kuzungumzwa katika kila nyumba. Linawahusu wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Embu, Chuka na Meru, na linawahusu jamaa zao wa Nairobi ambao kila sikukuu hujaza gari watoto na vifurushi na kupanda kwenda nyumbani.

Nchi ya miinuko na mito

Anayesafiri kuuzunguka Mlima Kenya hawezi kukwepa mabonde. Mito inayotiririka kutoka mlimani na kutoka safu ya Aberdare imeikata nchi vipande vipande kama kisu kinavyokata mkate. Barabara hushuka hadi mtoni, huvuka daraja, hupinda na kupanda tena. Ndivyo ilivyo Mukurwe-ini na Othaya, na ndivyo ilivyo barabara ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru.

Udongo nao una tabia zake. Katika sehemu za chai na kahawa ni mwekundu, na ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hugeuza barabara ndogo za kubebea chai kuwa tope tupu. Ukishuka Mwea, au ukipanda hadi nyanda za Laikipia karibu na Nanyuki, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi huo ni mgumu na wenye nyufa; ukilowa hulegea na kumeza tairi hadi ekseli.

Jumapili ya Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitoka barabarani kwenye daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi, likaporomoka takriban mita 40 hadi mtoni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Mahali hapo palikuwa pakijulikana kwa ajali tangu zamani kwa sababu ya mteremko mrefu na kona iliyo karibu na daraja.

Hebu fikiria kazi ya kutoa watu, na baadaye gari, mahali kama pale. Hakuna njia ya lori kushuka hadi chini. Anayeteremka anakanyaga mawe yenye unyevu, na juu yake kuna vipande vya vyuma na vioo ambavyo vinaweza kuporomoka wakati wowote. Huko juu, barabara ileile iliyosababisha msiba bado ina magari yanayoshuka. Mahali palipoangusha basi panaweza pia kumwangusha mwokoaji. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: ubaya wa mahali hauondoki kwa sababu ajali imekwisha kutokea.

Gari la kunasua lilivyozaliwa

Kazi hii ilianza na gari lililotumbukia mtoni. Mwaka wa 1916, katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee nchini Marekani, fundi wa magari aliyeitwa Ernest Holmes aliombwa kusaidia kulitoa gari aina ya Ford Model T lililokuwa limeanguka kwenye kijito. Yeye na wanaume kadhaa walihangaika kwa saa nyingi kwa magogo, kamba na nguvu za mikono.

Aliporudi kwenye karakana yake, Holmes aliwaza namna ya kufanya kazi hiyo bila mateso yale. Alichukua gari kuukuu aina ya Cadillac, akalifunga mihimili, minyororo na roda nyuma yake. Jaribio la kwanza halikumridhisha. Aliligundua tatizo lake upesi: gari la kuvuta lilihitaji kushikiliwa imara chini lenyewe, la sivyo linavutwa na kile linachokivuta. Aliongeza miguu ya pembeni ya kuegemea ardhini. Magari yote ya bredauni tunayoyaona leo Nyeri au Karatina ni wajukuu wa gari lile.

Katika mji huohuo wa Chattanooga kuna jumba la makumbusho la kazi hii, na nje yake kuna ukuta wa kuwakumbuka wafanyakazi waliokufa wakinasua magari. Ukuta huo una majina mengi. Wengi hawakufa kwa kukosa ujuzi wa mitambo. Waligongwa na magari yaliyokuwa yakipita.

Kwa nini winchi hupinduka?

Mwanafunzi wa fizikia wa shule ya upili anaijua kanuni inayoiangusha winchi. Ni ileile ya pembea ya ubao. Mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa wa ubao anaweza kumwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Uzito peke yake hautoshi kuamua. Ni uzito ukizidishwa kwa umbali.

Tuchukue mfano. Winchi imeandikwa kwamba inainua tani 10. Maandishi hayo yana maana ya tani 10 mzigo ukiwa karibu, tuseme mita 3. Kumi mara tatu ni thelathini. Sasa gari liko chini ya ukingo, na mkono wa winchi unapaswa kunyooshwa hadi mita 10. Thelathini ukigawa kwa kumi unapata tani 3 tu. Na hata hizo tatu hupungua, kwa kuwa mkono wenyewe ni chuma kizito kinachoning'inia mbali. Lori la tani 10 likiwa na shehena yake huweza kupita tani 15 kwa jumla. Dereva wa winchi anayesoma namba moja tu ubavuni mwa mtambo wake, bila kutazama jedwali la umbali, anacheza na maisha ya watu.

Jambo la pili ni ardhi. Miguu ya pembeni hubeba uzito wa winchi na wa mzigo kwa pamoja, na huukusanya wote kwenye vikanyagio vidogo. Kwenye lami iliyo imara hakuna taabu. Lakini ukingo wa barabara zetu mara nyingi ni udongo uliojazwa, na chini yake maji ya mvua yamekwisha kula. Mguu mmoja ukizama kidogo, winchi huinama. Ikiinama, mzigo husogea mbali zaidi. Ukisogea mbali, nguvu ya kuangusha huongezeka, na mguu huzama tena. Kuanzia hapo hakuna breki inayoweza kusaidia. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hubeba mbao nene na pana au mabamba ya chuma ya kuweka chini ya kila mguu, na huiweka winchi mbali na ukingo hata kama hilo linamlazimu kuagiza winchi kubwa zaidi.

Ardhi isiyotulia huwashinda hata matajiri wenye mitambo ya kisasa. Agosti 3, 2015, katika mji wa Alphen aan den Rijn nchini Uholanzi, winchi mbili zilizosimama juu ya majahazi ya mtoni zilikuwa zikiinua kipande cha daraja. Zilipoteza uthabiti, zikaanguka pamoja na daraja lile juu ya nyumba za watu. Kwa bahati kubwa hakuna mtu aliyekufa.

Wengi pia wamewahi kuziona picha zilizosambazwa kwa barua pepe tangu miaka ya 2000, za winchi iliyokwenda kuopoa gari dogo kando ya gati nchini Ireland, nayo ikatumbukia majini. Picha ya mwisho katika mfululizo ule ilichezewa kwa kompyuta ili watu wacheke zaidi, lakini winchi ya kwanza ilianguka kwelikweli.

Maji yana ujanja wake. Gari likiwa limezama, maji hulishika kwa chini na kulifanya lionekane jepesi. Linapotoka juu ya maji, msaada huo huondoka ghafla, na yale maji yaliyojaa ndani bado yamo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima. Kwa hiyo gari dogo huweza kuongezeka uzito maradufu pale linapochomoza. Dawa yake ni subira: kuliinua taratibu, kulisimamisha likiwa nusu ndani nusu nje, na kuyaacha maji yachuruzike.

Wakenya waliona kazi ya aina hiyo Mombasa. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuzama. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Mjadala kuhusu siku zile zote za kungoja ulikuwa mkali, na uchungu wa jamaa haukuwa na kipimo. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kulitoa ilifuata hatua: kulitafuta, kuhakikisha kwamba ndilo, kulifunga waya, na kulivuta polepole.

Waya ukikatika

Si kila gari huinuliwa. Mengi huvutwa, na hapo adui ni waya.

Waya wa chuma uliokazwa ni kama manati. Nguvu yote ya mtambo imehifadhiwa ndani yake. Ukikatika, au kulabu ikichomoka, ncha huruka nyuma kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na huweza kukata mguu au kuua. Huruka kwa urefu wake wote, na kwa pande zote mbili. Kwa hiyo umbali wa usalama kwa mtazamaji si hatua tatu nne; ni zaidi ya urefu wa waya wenyewe. Ikiwa waya una mita 20, simama mbali kuliko mita 20, na kamwe usiuvuke ukiwa umekazwa. Mafundi wengi hutupia blanketi nzito au koti juu ya waya, katikati, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka.

Kosa linalorudiwa sana ni kukadiria vibaya uzito wa kuvutwa. Gari lililozama kwenye tope si sawa na gari lililosimama barabarani. Miongozo ya jeshi la Marekani kuhusu unasuaji wa magari huhesabu kwamba tope likifika kwenye magurudumu, nguvu inayohitajika ni karibu sawa na uzito wote wa gari. Likifika juu ya magurudumu, ni mara mbili ya uzito huo. Mlima nao huongeza. Trekta ya kulimia na kamba ya katani haziwezi kazi hiyo, hata vijana 50 wakisukuma kwa nyuma.

Njia ya kupata nguvu bila kuukaza waya kupita kiasi ni roda. Waya ukipitishwa kwenye roda iliyofungwa kwenye gari lililokwama na kurudishwa, nguvu ya mtambo huwa karibu maradufu, huku waya ukibeba nusu tu ya mzigo. Na kabla ya kuvuta, majembe hutangulia. Dakika 30 za kuchimba tope mbele ya tairi huokoa waya, na huokoa watu pia.

Mahali pa kufungia ni muhimu. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kilicho nyuma ya pikapu nyingi, hakikutengenezwa kwa kunasua. Kikikatika huruka kama risasi. Bampa pia si mahali pa kufunga. Magari huwa na sehemu maalumu za kufungia kwenye fremu, na katika magari madogo mengi kuna pete ya chuma ya kukaza kwa mkono, ambayo huhifadhiwa pamoja na jeki.

Minyororo miwili inapoinua mzigo mmoja, tazama pembe yake. Ikiwa imesimama karibu wima, kila mmoja hubeba nusu. Ikiwa imetanuka sana hadi kila mmoja una nyuzi 30 tu kutoka kwenye mstari wa mlalo, kila mmoja hubeba uzito sawa na mzigo wote. Mnyororo uliotosha asubuhi hukatika mchana kwa sababu hiyo tu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu usalama na afya kazini inataka mitambo ya kuinulia, minyororo na kamba zake zikaguliwe kila baada ya muda na mtaalamu aliyeidhinishwa, na uzito inaoweza kuinua uandikwe wazi. Mwenye gari ana haki ya kuuliza.

Lori la mafuta si kisima

Lori likiwa la mafuta, sahau kamba na sahau winchi. Kimbia.

Januari 31, 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka na wananchi wakaja na mitungi. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Agosti 10, 2019, mkasa wa namna hiyohiyo uliwakumba majirani zetu wa Morogoro, Tanzania, na waliokufa walikuwa pia zaidi ya 100. Na Julai 2021, huko Gem katika kaunti ya Siaya, watu zaidi ya kumi waliteketea wakichota petroli baada ya lori kugongana na jingine.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini, huingia mitaroni na kujaa mabondeni, mahali palepale ambapo watu huinama kuchota. Katika nchi ya mabonde kama ya Nyeri na Meru, hiyo ni hatari maradufu. Cheche ya betri, pikipiki inayowashwa au waya wa winchi unaosugua chuma vyatosha. Kabla ya lori la aina hiyo kuguswa, mafuta yaliyobaki huhamishiwa kwenye lori jingine na wanaojua kazi hiyo, wazima moto wakiwa tayari kando yake.

Magari yanayopita

Kuna jambo moja ambalo halihitaji mtambo wowote, nalo ni kuwaonya madereva wanaokuja. Zile pembetatu nyekundu za kung'aa, ambazo wengi huziita laifseva, hazikuwekwa garini kwa ajili ya kumwonyesha polisi. Ziweke mbele na nyuma ya gari, angalau mita 50, na kwenye mteremko au kona ziweke mbali zaidi. Pembetatu iliyowekwa baada ya kona haimsaidii mtu. Dereva anayekuja anapaswa kuiona kabla hajaanza kupinda. Usiku au kwenye ukungu wa asubuhi, mtu mwenye tochi na vazi la kung'aa asimame mbali upande wa juu wa mteremko, akiwa nje ya lami.

Lori lililopakia mizigo kwenye mteremko haliwezi kusimama ghafla, hata dereva wake awe malaika. Juni 30, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo na kuwagonga wachuuzi na wasafiri kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Wale hawakuwa wakinasua gari. Walikuwa wamesimama tu mahali ambapo watu husimama kila siku. Umati unaozunguka lori lililoanguka husimama mahali pabaya kuliko hapo.

Nchini Marekani, majimbo yote 50 yana sheria inayomtaka dereva anayekaribia gari la dharura lililosimama ahamie njia ya pili, au apunguze mwendo. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Ukiona taa za rangi ya machungwa zikizunguka mbele yako, punguza mwendo, na usisimame kupiga picha kwa simu.

Gari la nyumbani likikokotwa

Si lazima liwe lori. Gari la familia likizimika kati ya Sagana na Karatina, baba hufunga kamba kwenye gari la shemeji na safari huendelea. Hapo pana makosa manne yanayojulikana.

Kwanza, ufunguo. Gari linalokokotwa lazima ufunguo uwe umezungushwa kiasi cha kufungua usukani. Ukiuondoa, usukani hujifunga kwenye kona ya kwanza.

Pili, breki. Injini ikiwa imezimwa, msaada wa breki na wa usukani haupo. Dereva wa nyuma hulazimika kukanyaga na kuzungusha kwa nguvu nyingi. Usimkalishe hapo kijana anayejifunza.

Tatu, gia. Magari mengi ya siku hizi ni ya gia za kujibadilisha zenyewe. Giaboksi yake hupata mafuta ya kuilainisha injini inapozunguka. Ukilikokota mbali magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, utanunua giaboksi nyingine. Gari la namna hiyo, na lile linalotumia pia umeme, hupakiwa juu ya lori la kitanda, magurudumu yote manne yakiwa yameinuka.

Nne, abiria. Watoto hawakai ndani ya gari linalokokotwa. Wapande matatu.

Polisi, bei na bima

Ajali ikiwa imeumiza mtu, gari lisisogezwe kabla polisi hawajafika, isipokuwa kumwokoa aliyenaswa au kuzuia hatari kubwa zaidi. Sheria ya trafiki inataka ajali iripotiwe polisi upesi, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 24. Alama za tairi barabarani ni ushahidi ambao mnyororo wa bredauni hufuta kwa dakika moja.

Majeruhi wasivutwe kwa mikono na miguu. Shingo iliyovunjika huweza kuvumilia dakika 20 za kungoja, lakini isivumilie kunyakuliwa mara moja. Kama hakuna moto wala maji, zima injini, mfunike asishikwe na baridi, mzungumzishe, na upige simu 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa nambari 1199.

Kuhusu fedha, hapa ndipo familia huonewa. Mtu aliyetoka kwenye ajali hutetemeka, na mtu anayetetemeka hukubali bei yoyote. Bima ndogo ya kuwalinda watu wengine hailipii kunasua gari lako. Bima kubwa mara nyingi hulipa gharama ya kukokota hadi kiwango fulani, ila yafaa kampuni ipigiwe simu kabla bredauni haijafunga mnyororo. Patana bei kwanza, iandikwe, pamoja na mahali gari litakapopelekwa. Anayekuja kwa bei ya chini kabisa, akiwa na waya wenye nyuzi zilizochomoza na winchi isiyo na mbao za miguu, ni ghali kuliko wote.

Mambo saba ya kubandika nyumbani

1. Watu kwanza, mahali pili, gari mwisho.
2. Pembetatu ziwekwe kabla ya kamba kufungwa.
3. Hakuna sigara, na hakuna kuchota mafuta.
4. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri kwa mwendesha winchi.
5. Mtazamaji asimame mbali kuliko urefu wa waya.
6. Hakuna anayepita chini ya mzigo ulioinuliwa.
7. Usiku, mvua au ukungu ukizidi, gari lilindwe hadi asubuhi.

La saba huwaudhi wengi. Mwenye lori anahesabu hasara, majani chai yananyauka, na vijana wanataka malipo yao kabla ya giza. Lakini lori lililolala mtoni usiku kucha bado ni lori kesho yake. Linaweza kutengenezwa, kuuzwa kama vyuma, au kulipwa na bima.

Wazazi na walimu wana kazi nyepesi hapa, kwa sababu watoto ndio wa kwanza kukimbilia kelele za vyuma. Mwambieni mtoto leo, kabla ya mvua zijazo, kwamba lori lililoanguka halijamaliza kuanguka. Atazame akiwa juu ya ukingo, upande wa pili wa uzio, mbali na waya na mbali na lami. Akiona wakubwa zake wamekusanyika chini ya winchi, awaite watoke.